Ng'ombe wa Mtunga Mtihani

Jumamosi ile Simioni aliposhuka kwenye pikipiki bila kupiga honi, mama yake alijua kuna neno. Kwa kawaida mwanawe huyo huanza kupiga honi tangu kwenye mashine ya kusaga, ili chai iwe imebandikwa kabla hajafika. Siku hiyo alikuja kimya, akaegesha, akaamkia shikamoo huku anaangalia kandambili zake, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa karatasi ya hesabu ya Scholastica, binti yake wa kwanza, wa darasa la sita hapo Susuni, Tarime, ambaye alilelewa na Bibi Efrazia tangu ana miaka minne. Juu kabisa, kwa wino mwekundu, mwalimu wa shule alikuwa ameandika kumi na nane, akapiga mstari, chini yake hamsini.

Bibi Efrazia alivaa miwani. Akaitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena kama mtu anayekagua kuku wa mnadani, ndipo akasema mwandiko ni mzuri.

"Mama, mwandiko haufaulishi mtu."

"Marehemu baba yako mwandiko wake ulikuwa kama kuku kaparua, na hesabu alipata sifuri. Huyu angalau kimoja kakichukua kwangu."

Simioni hakucheka. Yeye na mkewe Irine walikuwa wakikaa Kewanja, yeye akifanya kazi za zamu mgodini, mke akiuza vitenge, na inaonekana hilo jambo walikuwa wamelijadili mpaka likaiva. Alilieleza pole pole, kama anayemtolea mtu mwiba. Mwishoni mwa Mei kutakuwa na mtihani wa kata wa kufunga shule. Scholastica akipata thelathini na kuendelea, abaki hapo hapo kwa bibi yake. Asipofika, atahamishiwa Morotonga kwa bibi yake mwingine, mama yake Irine, ili mwakani asajiliwe la saba kule. Kule kuna umeme, kuna meza ya kusomea, na nyumba ya tatu kuna mwalimu.

Huyo bibi mwingine aliitwa Agustina, na Bibi Efrazia hakuhitaji kukumbushwa. Ana nyumba ya vigae, saa ya ukutani inayoimba kila ikifika saa, na makochi yenye vitambaa vya kufuma ambavyo mgeni akivilalia vinatelezea sakafuni na yeye Agustina anaviinua bila kusema kitu. Siku ya harusi ya watoto wao, mbele ya watu waliokuwa bado wanatafuna, Agustina alisema wakwe zake wa Tarime ni watu wazuri sana, ila ng'ombe wao wachache. Tangu siku hiyo, miaka kumi na minne, kila wakisalimiana kwenye simu anauliza, "Na ng'ombe hawajambo? Bado wale wale?"

Kumpoteza mjukuu ni jambo moja. Kumpoteza kwa Agustina ni msiba wenye matarumbeta.

"Nitamtafutia mwalimu wa tuisheni mimi mwenyewe," alisema Bibi Efrazia.

"Mama, utamjuaje anayejua hesabu? Wewe uliishia darasa la nne."

"La saba. Wa la nne ni baba yako, usimwagie aibu yake upande wangu."

Kwamba mtoto hakuwa mjinga, hilo bibi alilijua bila karatasi. Scholastica akisimama kwenye mashine ya kusaga, mwenye mashine hupima kwa adabu, maana debe likipungua kisado mtoto anajua kabla halijashuka chini. Akitazama shamba anakwambia litatoa magunia mangapi, na mwaka uliopita alikosea kwa nusu gunia, hiyo nusu wameila nyani. Iweje basi mtoto wa namna hiyo apate kumi na nane? Bibi aliona jibu ni moja tu: shuleni hawafundishi, wanaimba.

Wiki iliyofuata alianza kutafuta. Wa kwanza hakuwa mbali. Kwenye mlango wa mashine ya kusaga kulikuwa na tangazo limebandikwa kwa ugali: tuisheni ya hesabu, matokeo ndani ya mwezi. Bibi Efrazia alikuwa hajawahi kuahidiwa matokeo ndani ya mwezi ila na wauza dawa za minyoo, lakini aliagiza mwenye tangazo aitwe. Alikuja Jumatano jioni, kijana anaitwa Sadock, aliyemaliza kidato cha sita na anangoja chuo. Alikuwa kachomekea shati, saa kubwa mkononi, na kila alichokisema alikianza kwa Kiingereza kisha akakionea huruma na kukirudia kwa Kiswahili. Bibi alimpa maziwa. Alimwacha amalize kueleza kanuni zake nne za kufaulu. Halafu akamchukua mpaka kwenye lango la zizi, wakati ng'ombe wanarudi kutoka malishoni, amuulize swali lake. Alikuwa na swali moja tu la usaili, na alikuwa amelifikiria siku mbili.

"Hebu niambie kama wamo wote."

Sadock alikohoa, akanyoosha kidole. "Moja. Mbili. Tatu."

Alipofika sita, Scholastica, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe anasugua sufuria, aliinuka akaingia ndani na sufuria yake yenye majivu. Alipofika tisa, Bibi Efrazia alikishika kile kidole, akakikunja taratibu kama mtu anayefunga kisu cha mfukoni.

"Mura, kijana wangu, kirudishe kilikotoka."

Kwake, na kwa wengi wa rika lake, ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole, wala watoto. Mtu anasimama langoni akawapokea kwa macho: huyu mwenye pembe iliyopinda, huyu wa madoa, huyu mama yake, huyu mkorofi wa kusukuma wenzake. Asiyekuwepo unamwona kwa pengo lake. Ukianza kuwataja kwa namba kuna masikio mengine yanasikiliza, nayo yakishajua wako wangapi, yanaanza kupunguza. Bibi Efrazia hakujua ana ng'ombe wangapi na alijivunia kutojua. Bwana mifugo akija na daftari lake humjibu kwamba wapo, halafu hugonga sinia kwa mwiko mpaka yule bwana amalize kuhesabu na kuondoka.

Sadock aliuliza, kwa heshima, mtu atajuaje kama wamo wote bila kuwahesabu.

"Ndiyo maana natafuta mwalimu," alisema bibi, na akamsindikiza kwa chupa ya maziwa na maneno mazuri mpaka barabarani.

Wa pili alikuja mwenyewe, kwa baiskeli, baada ya kusikia habari kwenye mashine. Huyo alikuwa Mwalimu Revocatus, mstaafu, mtu wa upande wa Serengeti aliyepangiwa Susuni zamani akapanda migomba, na ilipoanza kuzaa akaona kuondoka ni ujinga. Mkewe alifariki miaka mingi iliyopita. Alikuwa na chanuo kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo walimu wengine huweka kalamu. Bibi Efrazia alimpeleka langoni, akamuuliza lile swali lake. Mwalimu alisimama, mikono nyuma, akawatazama ng'ombe wakiingia kama anavyotazama darasa lililochelewa. Kidole hakikutoka. Midomo haikucheza.

"Yule mwekundu mwenye nyota usoni, anayepita kwangu kila asubuhi, hayupo," alisema.

Ni kweli, hakuwepo. Alipatikana mtoni ameng'ang'ania majani ya mtu. Kabla giza halijaingia mwalimu alikuwa amekwisha ajiriwa, kwa maziwa ya kila siku na chakula cha siku za somo, na paja la jogoo siku ya matokeo.

Masomo yalikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, watoto wakitoka shule, kibarazani. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa unga mweusi wa betri za redio. Na mambo yalikwenda. Lori limebeba matofali mia nne na themanini, likamwaga robo njiani, yamebaki mangapi? Scholastica alijibu chaki ikiwa bado hewani. Madumu ya maji, magunia ya mtama, lita za mafuta ya taa, kamba ya kugawa vipande: mtoto alivipanga, akavizidisha, akavigawa, na baki akaiweka pembeni kama mfupa wa mbwa. Mwalimu Revocatus alimsifu kwa sauti kubwa, ila alipokuwa anasifu uso wake ulikuwa umeelekea jikoni. Bibi Efrazia alikuwa huko, anasonga ugali, na kila akisikia "vizuri sana" aliongeza kipande cha nyama kwenye bakuli la mwalimu bila kujua mkono wake unafanya nini.

Jirani yake, Elieth, alipita siku moja kuomba chumvi ambayo hakuihitaji. Akatazama ubao, akatazama chanuo, akauliza kwa upole ni nani hasa anayesomeshwa hapo. Bibi Efrazia alimwambia wanasoma wote wawili, mjukuu yuko la sita, yeye mwenyewe bado yuko chekechea, ila mwalimu ana subira.

Basi ikaja mwisho wa Aprili, shuleni wakafanya jaribio. Scholastica alirudi na karatasi akaiweka juu ya kabati la vyombo, akaenda kuchota maji bila kutumwa. Bibi aliifungua. Ishirini.

Mwezi mzima wa nyama, alama mbili. Aliichukua ile karatasi akaifungia kwenye kopo la majani ya chai, pamoja na ile ya kwanza, kama alivyokuwa akifungia kila aibu ya nyumba. Jumatatu mwalimu alipomaliza somo na kunawa mikono, aliletewa ugali na mlenda. Mlenda mtupu, hata dagaa hakuna wa kupita kwa bahati mbaya. Alilitazama bakuli muda mrefu.

"Mama Simioni, kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo, Mwalimu. Nimepiga hesabu tu. Kwa mwendo wetu huu thelathini tutaifikia wakati Agustina kashamfundisha mjukuu wangu kufuma vitambaa."

Ndipo mwalimu akajua kwamba kuna karatasi. Alikuwa hajawahi kuonyeshwa hata moja. Akaomba kuziona, na bibi, baada ya kuzunguka zunguka, akatoa kopo. Mwalimu alizitandaza mezani, harufu ya majani ya chai ikapanda, akapitisha kidole kwenye mistari, maana maswali yanaruhusiwa kuhesabiwa.

"Mama Simioni, mtoto hajashindwa," alisema. "Maswali ishirini na matano. Amepata kumi. Amekosa matatu. Haya kumi na mawili hakuyagusa."

"Hakuyagusa kivipi?"

"Hakuandika hata nukta. Kayaruka kama mtu anavyoruka kinyesi."

Bibi akavaa miwani yake, akavuta kigoda, akasoma hayo yaliyorukwa, moja moja, kwa sauti. Swali la nne, Mzee Nchagwa ana ng'ombe themanini na nne, akauza robo. Swali la saba, mbuzi. Swali la nane, mfugaji na wanawe watatu wanagawana ndama. Swali la kumi, darasa lina wanafunzi arobaini na watano, wasichana ni theluthi mbili. Swali la kumi na moja, kuku. Kuku na mayai kwa pamoja, na mayai peke yake mtoto alikuwa ameyajibu, kisha akafuta. Katika kata ya wafugaji mtunga mtihani hawezi kufika swali la tano bila kuingiza ng'ombe, na huyu alikuwa ameingiza mnada mzima. Yote yaliyokuwa na pumzi yalikuwa meupe. Ya sukari, ya matofali, ya lita na ya mita yalikuwa na majibu, kwa ule mwandiko mzuri.

Bibi Efrazia alikuwa mwepesi wa mambo. Alielewa alipofika kwenye mbuzi. Hizo nyingine alizisoma ili apate muda wa kuvaa uso mwingine.

"Kwa nini wewe hukumfundisha ng'ombe?" alimuuliza mwalimu. "Mwezi mzima matofali."

"Mama Simioni, ningewahesabu ng'ombe hapa kwako, sasa hivi ningekuwa wapi?"

"Barabarani."

"Basi."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wote wawili walilifikiria na hakuna aliyelisema: yule kijana wa saa kubwa, na kidole chake kisicho na adabu, angeligundua hilo jioni ya kwanza. Bibi alikuwa amewachuja walimu wa Susuni kwa chujio moja, na chujio lenyewe limembakizia yule mmoja asiyeweza kuuona ugonjwa. Akainuka, akachukua bakuli la mlenda, akarudi na la nyama.

Usiku huo huo alikumbuka. Si kwamba alikuwa amesahau kabisa, alikuwa ameliweka mahali pa mbali, kama kopo lake. Miaka sita nyuma Scholastica alikuwa ndiyo kwanza ameanza chekechea. Alirudi siku moja amejaa namba mpaka puani, akasimama mbele ya ndama, akanyoosha kidole kidogo cheusi kwa mkaa, akahesabu mpaka tano, kwa sauti ya kusomea risala. Siku nne baadaye yule ndama mweupe, aliyekuwa akimnyonya vidole, alilala asiamke. Na bibi yake, kwa hasira, alimwambia maneno sita: "Umeiona kazi ya hicho kidole chako?"

Mtoto alikiweka kidole kwapani. Bibi alidhani kilitoka kesho yake.

Kesho yake alianza na njia aliyoizoea, ya utani. Alimkalisha Scholastica kibarazani na ile karatasi.

"Hawa ng'ombe themanini na nne ni wa nani?"

"Wa Mzee Nchagwa."

"Unamjua?"

"Hapana."

"Humjui kwa sababu hayupo. Hawa ni ng'ombe wa mtunga mtihani. Hawanywi maji, hawatoi maziwa, na wakifa hasara ni yake. Wahesabu wote, hata mikia."

Scholastica alitabasamu, kwa heshima, kama anavyotabasamiwa mgeni anayerudia hadithi. Akauliza na wale wanafunzi arobaini na watano je. Bibi akasema nao ni wa huyo huyo, kwao ni kukubwa. Mtoto akafikiri.

"Na kama mtunga mtihani naye ana bibi yake?"

Mtoto alishika penseli, akaisogeza mpaka kwenye swali la nne, akaiweka chini.

"Yule ndama mweupe hakuwa wa mtunga mtihani," alisema, akaenda kufungua mbuzi.

Siku zilizofuata bibi alijaribu kila mlango isipokuwa ule wenye ufunguo. Alimwahidi viatu. Alimwambia kwamba Sirari pale mpakani ng'ombe wanahesabiwa kila siku na wanaume wenye mihuri, na hawafi hata kidogo, wanavuka tu. Alimwomba Mwalimu Revocatus atunge hesabu za ng'ombe, mwalimu akatunga, akachungulia jikoni, akafuta kabla mtoto hajasoma. Wiki mbili na nusu zikawa wiki mbili. Simioni akapiga simu akasema Irine ameanza kuulizia bei ya sanduku la bati, na Agustina amekwisha sogeza meza dirishani.

Jumamosi ilikuwa siku ya josho. Bibi Efrazia na Scholastica waliwaswaga ng'ombe mapema, na njia nzima bibi hakutoa utani hata mmoja, mpaka mtoto akamuuliza kama anaumwa. Hapo joshoni kulikuwa na foleni. Wakasimama pembeni kwenye ukuta, dawa inanukia, ng'ombe wa watu wanajitupa majini na kutokea upande wa pili wakiwa na hasira.

"Wiki ile ndama alipokufa," alisema bibi, akitazama mbele, "josho lilikuwa Jumamosi kama leo. Nikawaleta?"

Scholastica alimtazama.

"Sikuwaleta. Jumamosi hiyo sikuwaleta, na ile ya nyuma yake sikuwaleta. Kulikuwa na sherehe ya kumuaga binti, halafu harusi yenyewe, na mimi nilikuwa na kitenge kipya. Bwana mifugo alipokuja alinionyesha kupe masikioni mwa ndama, wamejipanga kama punje. Akasema ni ndigana, homa ya kupe. Nikamwambia asante. Wewe ulikuwa shuleni."

"Kwa hiyo si kidole."

"Si kidole. Nilitafuta mtu wa kumtwisha, nikakuona wewe, ulikuwa mfupi."

Ng'ombe sita saba wa mtu mwingine walipita. Bibi Efrazia, ambaye angeweza kuongea na mawe, alisubiri.

"Miaka sita," alisema Scholastica.

"Sita."

"Ulivaa kitenge gani?"

"Kile cha njano."

"Hakikukupendeza."

"Hakikunipendeza," alikubali bibi, na ndani ya roho yake alijua huyu kweli ni mjukuu wake, na Morotonga wangemharibu.

Foleni ikafika kwao. Ng'ombe wa kwanza, yule wa pembe iliyopinda, alisimama kwenye ukingo, akajitupa. Scholastica alikitoa kidole chake mfukoni, akakinyoosha mbele ya watu wote wa josho.

"Mmoja," alisema.

Bibi Efrazia aliziba masikio yote mawili na kuanza kuimba wimbo wa kanisani, ule mrefu, kwa nguvu. Wachungaji wakageuka. Mzee mmoja akavua kofia, akidhani kuna maombi. Bibi aliimba ubeti hadi ubeti, macho kayafumba, mpaka akahisi mkono wa mtoto unamvuta kanga, ng'ombe wa mwisho ametoka, wamekwisha.

Jumapili hakufa mtu. Jumatatu hakufa mtu. Jumatano, siku ya nne, bibi aliamka kabla ya jogoo akaenda zizini kuwapokea kwa macho, na Scholastica tayari alikuwa amekaa juu ya lango, amejifunika shuka. Walikaa hapo wote wawili mpaka jua likawaka kwenye migongo ya ng'ombe. Kisha wakaenda kunywa uji.

Siku hiyo hiyo bibi alimfuata Sadock kwao, kwa miguu, na kuku kwapani. Alimwambia kwamba yeye bibi ndiye aliyekosea kuhusu kidole. Kijana alimwamkia huku ameficha mikono nyuma, kwa tahadhari, lakini akaja. Kwa hizo siku zilizobaki nyumba ilikuwa na walimu wawili: Mwalimu Revocatus upande wa matofali, Sadock upande wa ng'ombe, mbuzi, kuku na wanafunzi. Zamu ya Sadock ikifika, mwalimu mzee aliaga kwenda kukagua migomba ya bibi, na bibi akagonga sinia jikoni.

Mtihani wa kata ulifanyika. Jumamosi ya matokeo honi ilianza kulia kwenye mashine ya kusaga na haikunyamaza mpaka uani. Simioni alishuka na karatasi haijakunjwa. Thelathini na nane. Alimnyanyua binti yake kama gunia, akamshusha, akamwangalia mama yake.

"Mama, huyu mwalimu ulimpata wapi?"

"Ni wawili. Na mimi wa tatu, ila mimi nilifundisha siku moja tu."

Simioni hakuelewa na hakuambiwa. Alikuwa anapitia majibu, amefurahi, anacheka na nafsi yake, mpaka akafika swali la ishirini na mbili akakunja uso. Lilikuwa jeupe. Bibi mmoja ana wajukuu kumi na mmoja, akawagawia machungwa sitini na sita.

"Schola, hili mbona ni rahisi kuliko yote?"

Scholastica alitazama kandambili zake, kama baba yake anavyofanya.

"Wengine wote niliwahesabu," alisema. "Hawa wa bibi niliwaacha."

Bibi Efrazia akasema hiyo ni hasara ya alama mbili, uzembe mtupu, na mtihani si mahali pa mapenzi. Jogoo alipoiva, paja moja lilikwenda kwa Mwalimu Revocatus kama walivyopatana, na la pili, ambalo siku zote ni la bibi mwenyewe, lilikutwa kwenye sahani ya Scholastica.

Shule zilipofungwa mtoto alipelekwa Morotonga kusalimia, wiki mbili tu, na bibi yake alizihesabu hizo siku moja moja, kwa kuwa siku hazina pumzi. Alirudi na sukari, na kitambaa cha kufuma kutoka kwa Agustina. Kitambaa kilikuwa kizuri. Bibi Efrazia alikiweka juu ya kopo la majani ya chai, akasema kitazuia vumbi.

Jioni walisimama langoni, ng'ombe wanaingia. Mwalimu Revocatus naye alikuwepo, ameegemea baiskeli yake, ingawa shule zimefungwa, maana bibi alikuwa ameamua kwamba somo la sehemu halijakaa vizuri.

"Wamo wote?" aliuliza bibi.

"Wamo," alisema Scholastica. Midomo yake ilikuwa imecheza kidogo.

"Usiniambie."

"Sikuambii."

Yule mkorofi akasukuma wenzake, akapita. Bibi alifunga kanga vizuri, akaifungua, akaifunga tena.

"Na kule Morotonga, ulisimama langoni?"

"Nilisimama."

"Kwa macho au kwa kidole?"

"Kidole. Ila kilikuwa mfukoni."

"Sitaki namba," alisema Bibi Efrazia.

"Ndiyo, bibi."

"Namba mimi sitaki kabisa. Ila hawa na wale."

Scholastica alitazama zizi, akalitazama tena kwa kumtesa bibi yake kidogo tu.

"Hawa wamewazidi wale."

"Kwa wengi?"

"Bibi, hiyo tayari ni namba."

Mwalimu Revocatus alikohoa, akageukia baiskeli. Bibi Efrazia alifunga lango mwenyewe, akakaza kamba, kisha akamwambia mjukuu wake alete simu, wampigie Agustina wamshukuru kwa kitambaa. Na simu ilipopokelewa kule Morotonga, baada ya shukrani na habari za afya, bibi aliuliza kwa sauti laini kabisa, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani, ng'ombe hawajambo? Bado wale wale?